Kamba za Kanyakine

Kila Ijumaa saa sita na robo mchana Kaari alivua koti jeupe akalitundika nyuma ya mlango wa chumba cha kupokelea maziwa, akazisukuma buti za mpira chini ya sinki, akavaa viatu vya kisigino kifupi. Midomo aliipaka rangi kidogo, kiasi cha mtu wa kanisa. Wakulima waliochelewa na mikebe yao walimwangalia wakajua saa imefika, Mama Mwendwa anaenda shule. Na kweli alikuwa anaenda shule, tena mbio, mwanamke wa miaka arobaini na sita, mke wa mwalimu, mama wa watoto ambao idadi yao sitaitaja. Usininung'unikie. Ukifika mbele utajua kwa nini nimenyamaza.

Shule yenyewe ilikuwa Embu mjini: digrii ya pili ya biashara, ile ya watu walio kazini, wanayoiita "executive", Ijumaa alasiri na Jumamosi mchana kutwa. Ulikuwa mwaka wa pili tangu serikali za kaunti zianze, na kila mwenye kiofisi kutoka Runyenjes hadi Maua alikuwa anatafuta karatasi ya kuongeza kwenye faili. Wengine walifuata karatasi tu, tusidanganyane. Kaari pia aliitaka karatasi, tena kwa kufa na kupona, lakini kilichomshangaza ni kwamba masomo yenyewe yalimwingia kama chai ya asubuhi.

Alikuwa ameanza kazi katika Ushirika wa Maziwa wa Mwangaza, pale Kanyakine, miaka ishirini na moja nyuma, akiosha mikebe. Kutoka kwenye mikebe akapanda hadi mezani pa kupimia, kutoka mezani hadi usaidizi wa meneja. Sasa meneja wake, Bwana Mithika, alikuwa anastaafu mwisho wa Desemba, na kamati ilikuwa imempa Kaari neno moja lisilo na kona: barua ya chuo iwe mezani kabla ya Krismasi. Isipokuja, kazi itatangazwa gazetini na aje atakayekuja. Kaari aliwajua hao wa gazetini. Mmoja aliwahi kuletwa kama mshauri, akashika mkebe wa maziwa yaliyoharibika yakaganda akauliza kama hiyo ndiyo mala, yale maziwa ya mtindi, wanayouza.

Nyumbani hakukuwa na shida. Mumewe, Mwalimu Mutembei, alikuwa amejifunza kusonga ugali na kupika kunde siku za Jumamosi, na akajivunia kunde hizo kuliko matokeo ya darasa la nane. Shida ilikuwa midomo ya watu, na mdomo mkubwa kuliko yote ulikuwa wa Mzee Naftaly Mbaabu, mwanakamati wa ushirika, mkulima wa ng'ombe, mtu ambaye ulimi wake haujawahi kuchukua likizo.

"Hiyo shule yako ya ekithekutibu," angemuuliza kila Jumatatu huku akipokea risiti, "wanawapatia uji saa nne?"

"Chai na mandazi, mzee."

"Basi mimi pia nitajiandikisha. Niliacha darasa la tatu kwa sababu ya uji mbaya."

Kaari alicheka na kazi ikaendelea. Hakuweza kumweleza mzee yaliyokuwa yakitokea kule Embu, kwa sababu hata yeye hakuamini vizuri. Darasa lilikuwa na watu wazima watupu, wenye miwani na vitambi, walioingia wakiwa wamechoka na wiki nzima ya kazi, kisha saa mbili baadaye ukawakuta wanabishana kwa vidole juu juu kama watoto wa nasari. Bundi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Makutano, Meru, alikuwa akipiga meza na kusema, "Miaka kumi na tisa nimeuza misumari, na hakuna mtu aliniambia kwamba kile nafanya kina jina." Wamuyu, muuguzi mkuu wa wodi moja kule Embu, alisema kwamba usingizi umepungua kwake, lakini asubuhi anaamka na hamu ya kufika kazini, jambo ambalo lilikuwa limemtoka tangu ujauzito wa kwanza. Mambo waliyosoma Jumamosi waliyajaribu Jumatatu. Somo la foleni lilipopita, Kaari alirudi akapanga upya mlango wa kupokelea maziwa, wa mbali wakapewa zamu yao na wa karibu yao, na saa mbili unusu asubuhi uwanja ukawa mweupe, hakuna mtu amesimama. Aliingia chooni akajifungia akacheka peke yake kwa raha.

Sasa ikaja kazi ya mwisho, ule utafiti wa kufungia masomo, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Ushirika ulikuwa unapokea maziwa ya asubuhi tu. Maziwa ya jioni yalibaki majumbani, mengine yakanywewa, mengine yakapewa paka, mengi yakaharibika. Kaari akachagua swali ambalo lilikuwa limemkera miaka: je, ushirika ukinunua tanki la kupozea na kuanza kupokea maziwa ya jioni, tanki hilo liwe kubwa kiasi gani? Maziwa ya jioni hayajaandikwa mahali popote, kwa hiyo ilibidi ajue ng'ombe wa kukamuliwa ni wangapi, kisha apige hesabu. Akaandika fomu ya maswali nzuri sana, iliyopigwa chapa, na swali la kwanza kabisa likasema: Una ng'ombe wangapi wa kukamuliwa? Akazunguka kwa wakulima mia moja na arobaini, mwenyewe kwa miguu, kutoka Kanyakine hadi mabonde ya chini. Walimpokea vizuri mno. Kila boma chai, kila boma ndizi za kuchemsha. Fomu zikajaa.

Jumamosi ya pili ya Novemba, Daktari Ndwiga, mwalimu wake wa utafiti, alimwita ofisini. Alikuwa mtu wa Mbeere, mwembamba, wa maneno machache, na kalamu nyekundu ilikaa sikioni kwake kama ya seremala.

"Mama Kaari, keti. Wakulima mia na arobaini, ng'ombe mia moja hamsini na mmoja. Ndivyo umeandika?"

"Ndivyo, Daktari."

"Na kutoka kwa hao hao, ushirika unapokea lita elfu mbili na mia tano kila asubuhi."

"Ndiyo. Hizo nimezipima mimi."

"Basi kila ng'ombe anatoa lita kumi na sita na nusu kabla ya watoto kwenda shule, na jioni bado hajaguswa." Alitoa kalamu sikioni. "Ng'ombe hawa wa Kanyakine wanakula nini? Nataka kumpelekea mama yangu."

Kaari alihisi masikio yanawaka. Miaka ishirini na moja kwenye maziwa, na hakuwa ameona. Alikuwa amejumlisha, amegawanya, amechora michoro ya rangi, na hakusimama hata mara moja akajiuliza kama ng'ombe wa namna hiyo yuko duniani. Daktari hakumfokea. Alimwambia tu kwamba lita amepima na mizani haina uongo, kwa hiyo kosa liko kwa ng'ombe, na jopo la walimu linakaa Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Akija na hesabu hii, atarudishwa hadi mwaka ujao. Mwaka ujao maana yake ni mtu wa gazetini ameshakalia kiti cha Mithika, na Kaari alitoka ofisini na fomu zake kwapani.

Jioni hiyo alirudi na Bundi katika pikapu yake, kama kawaida, maana Bundi alimpitisha Kanyakine akielekea Meru. Hakutaka kuongea. Alikuwa na hasira na wakulima. Watu aliowajua, wengine amewasimamia harusi, wamekaa naye mezani wakamdanganya usoni na chai mkononi. Bundi, ambaye kimya kilimsumbua kuliko njaa, alijaribu kila njia ya kumchangamsha. Walipokaribia daraja la mto Thuci akakumbuka kitu.

"Mama Mwendwa, nimechapisha kalenda za duka. Zina picha ya twiga. Nataka niwaletee watoto wako, kila mtu yake. Wewe una watoto wangapi?"

"Wapo," Kaari akasema.

"Najua wapo. Nilete kalenda ngapi?"

"Leta tu. Mungu ametubariki, hazitalala."

"Kumi zitatosha?"

"Zitatosha."

"Tano?"

"Hata hizo."

Bundi akamgeukia. "Wewe mama, nimekuuliza swali la mtoto wa darasa la kwanza. Idadi."

Kaari alifungua mdomo amjibu, na mdomo ukabaki wazi. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka Bundi akapunguza mwendo akasimamisha gari kando ya barabara, akidhani kitabu kimempanda mwenzake kichwani.

"Hawakunidanganya," Kaari akasema alipopata pumzi. "Bundi, hawakunidanganya hata kidogo. Ni mimi mjinga."

Kwa maana Kaari, binti wa Imenti, alikuwa amelelewa na nyanya aliyemchapa kwa mwiko siku alipohesabu mbuzi kwa kidole. Mtoto hahesabiwi. Ng'ombe hahesabiwi. Ukitaja idadi ya baraka zako kwa sauti, umeziitia jicho baya, na kesho moja haipo. Aliyajua haya kabla ya kujua kuvaa viatu, na yeye mwenyewe, na digrii yake moja na nusu, alikuwa ametoka kumkatalia Bundi kwa sababu hiyo hiyo, bila hata kufikiri. Halafu akachukua fomu iliyopigwa chapa Embu, akaenda kwa wazee wa watu mchana kweupe akawauliza wamtajie ng'ombe. Wangefanyaje? Kumfukuza ni aibu, ni mke wa Mwalimu. Wakamwambia mmoja, wakamwongezea ndizi.

Aliomba radhi kwa kila mmoja wao moyoni, na hasira yote ikamtoka pale pale darajani. Ikabaki kazi. Wiki tatu tu, hizo ndizo alizobakiwa nazo, na bado hakujua atauliza vipi kile kisichoulizwa.

Jumapili baada ya ibada hakwenda nyumbani. Alishuka moja kwa moja kwa Mzee Naftaly, ambaye kwenye fomu alikuwa na ng'ombe mmoja. Alimkuta nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kigogo, anasokota katani juu ya paja. Ng'ombe walikuwa bandani nyuma yake. Kaari alitazama pembeni, kwa heshima, lakini vichwa vilivyokuwa vinatafuna majani ya nepia havikuwa kimoja.

"Muga, mzee."

"Muga, Mama Mwendwa. Leo umekuja bila makaratasi? Ama shule imefungwa kwa sababu ya mandazi kuisha?"

"Nimekuja kukaa tu." Akakaa. Akaiangalia ile mikono inavyokwenda na kurudi. "Unasokota mwenyewe, mzee? Hukununua ya dukani?"

"Hiyo ya nailoni inakata shingo. Mnyama wangu hafungwi na plastiki, kila mmoja na kamba yake ya katani."

Kaari akaokota uzi wa katani ulioanguka chini. "Na mzee, zile za kufunga wakati wa kukamua, kwa mwaka unasokota kamba ngapi?"

Mzee Naftaly hakuinua hata kichwa. "Za kukamulia ni tano. Moja ilikatika Agosti nikaisokota tena, kwa hiyo sema tano, si sita. Za ndama ni mbili, na iko moja ya yule mtamba ambaye bado hajazaa. Hiyo bado sijaimaliza, ndiyo hii." Akaendelea kusokota. Halafu mikono ikasimama. Akamtazama Kaari kwa jicho moja, la pili amelifumba, na pembe za mdomo zikaanza kutetemeka.

"Mama Mwendwa."

"Mzee."

"Umeniuliza juu ya kamba."

"Juu ya kamba tu, mzee."

"Basi kamba nimekuambia," akasema Mzee Naftaly, akarudi kwenye katani yake. "Kamba haina ubaya."

Wiki tatu zile Kaari alitembea mpaka soli ya kiatu cha kushoto ikaachia. Aliamka, akapokea maziwa, saa nne akatoka, akapita boma kwa boma na fomu mpya ambayo neno ng'ombe halikuwemo. Na wakulima, ambao mara ya kwanza walikuwa wakijibu huku wanaangalia miguu yao, sasa waliongea kwa raha. Walimwonyesha kamba zilizoning'inia ukutani, moja moja, ipi ni ya yule mwenye teke, ipi ilirithiwa kutoka kwa mama mkwe. Bibi mmoja alimpeleka hadi jikoni kumwonyesha kamba anayoificha kwa sababu jirani huazima bila kurudisha. Mwalimu Mutembei naye akaingia katika shughuli, akawa anamjumlishia fomu jioni na kalamu yake nyekundu ya kusahihishia, akitangaza kila dazeni kama matokeo ya mpira. Kamba za kukamulia zikafika mia tatu sitini na mbili. Kaari akagawanya. Ikaja karibu lita saba kila asubuhi, ng'ombe wa kawaida wa watu wa kawaida, na Kaari akapiga kofi moja mezani mpaka kikombe kikaanguka. Kwa makadirio ya lita nne za jioni kwa kila ng'ombe, tanki la lita mia sita lililotokana na hesabu ya kwanza lingefurika siku ya kwanza. Walihitaji la lita elfu moja na mia tano.

Jumamosi ya jopo alivaa suti ya samawati aliyoshonewa Nkubu. Wamuyu alimfunga kola vizuri mlangoni. Ndani walikaa watatu, Daktari Ndwiga mwishoni, na katikati profesa mmoja mama aliyetoka mbali, ambaye alifungua ukurasa wa tisa akavua miwani.

"Hapa unasema kipimo chako ni kamba. Nieleze. Kwa nini mtafiti ahesabu kamba wakati ng'ombe wenyewe wapo?"

Kaari alikuwa amejiandaa kwa maneno ya vitabuni, karatasi nzima ya maneno hayo, na yote yakamhepa. Basi akaeleza kama anavyoeleza mtu. Akasimulia fomu ya kwanza, ndizi, kalenda za Bundi, daraja, Mzee Naftaly na katani yake. Akasema mara ya kwanza alienda kwa watu wake kama mgeni, na wakamjibu kama wanavyomjibu mgeni. Alipomaliza profesa alikuwa bado ameshika miwani mkononi, na Kaari akaona wazi kabisa kiti cha Mithika kikienda zake.

Daktari Ndwiga akakohoa. "Profesa, kwetu Mbeere ni kengele," akasema. "Mbuzi wa nyanya yangu niliwajua kwa kengele. Mpaka leo sijui walikuwa wangapi, lakini kengele zilikuwa kumi na nne." Profesa akamwangalia, akamwangalia Kaari, akavaa miwani yake tena akaandika kitu kirefu. Baada ya nusu saa walimwita ndani wakamwambia amepita, bila kusahihisha hata ukurasa mmoja, na barua itatoka siku hiyo hiyo. Nje, Bundi alimbeba Kaari juu juu mbele ya watu, mama mzima na suti yake, na Wamuyu akapiga vigelegele mpaka mlinzi akaja kuangalia.

Kabla ya kuondoka kila mmoja alipewa fomu ya chuo ya kuuliza anaonaje mafunzo haya. Bundi aliandika kwamba ni mazuri sana ila chai ina maji mengi. Wamuyu alijaza mpaka nyuma ya karatasi. Kaari alikaa na kalamu muda mrefu, maana alitaka kusema mengi na nafasi ilikuwa mistari miwili. Mwishowe akaandika: Nimefurahi kuliko ninavyoweza kusema. Fomu yenu, swali la pili, mnauliza nina watoto wangapi. Wapo.

Jumatatu alipokea maziwa kama kawaida, barua ameshaipeleka kwa kamati. Kamati ilikaa ndani tangu saa moja. Saa mbili na robo Mzee Naftaly akatoka peke yake, akaja mpaka mezani pake pa kupimia, akaweka juu ya mizani kamba mpya ya katani, iliyosokotwa ikabana, na fundo zuri mwishoni.

"Kamati imesema tangazo la gazeti lisiende," akasema. "Ofisi ya Mithika ni yako kuanzia Januari. Hiyo ya kamati. Na hii ni yangu."

Kaari aliishika kamba. Aliitambua. Ni ile aliyomkuta nayo kwenye kigogo. Macho yakamjaa maji, hata hakujali wakulima waliokuwa kwenye foleni.

"Mzee, hii si ni kamba ya yule mtamba?"

"Nani ametaja mtamba?" Mzee Naftaly akasema. "Mimi nimeleta kamba." Akachukua risiti yake akaenda.

Bado Kaari amesimama pale simu ikalia. Alikuwa Mwalimu Mutembei, sauti yake imepanda juu.

"Mama Mwendwa, wajukuu wa Naftaly wameleta kitu hapa nyumbani. Kimefungwa kwa ganda la mgomba kwenye mti wa parachichi, na kinakula maua yangu. Nimewauliza mbona hakina kamba, wanasema kamba iko na wewe."

"Iko na mimi," Kaari akasema, akicheka na kulia pamoja.

"Sasa sisi tuna ng'ombe wangapi?"

Kaari akajifuta macho kwa mkono wa koti jeupe, akaizungusha kamba begani, akaashiria mkulima aliyefuata alete mkebe wake.

"Mwalimu," akasema, "tuna kamba."